Kapasita na tapu zinapogombana: nani asogee kwanza?

Swali: "Mhandisi, shikamoo. Mimi ni fundi sanifu kwenye kituo cha kupoza umeme cha kilovoti 132 kwenda 33 huku mkoani. Tuna transfoma mbili zinazofanya kazi sambamba, kila moja na tapu chenja inayojiendesha (swichi inayopandisha au kushusha msongo, yaani volteji, hatua kwa hatua). Upande wa 33 tuna benki mbili za kapasita (vifaa vinavyozalisha nguvu riaktivu, inayopimwa kwa megavari) za megavari 10 kila moja. Benki huingia pawa fakta (uwiano wa nguvu halisi kwa nguvu yote inayopita) ikishuka chini ya 0.90, na hutoka ikigeukia upande wa pili kwa kiasi hichohicho. Mwaka jana shamba la sola la megawati 5 liliungwa mwisho wa fida moja (laini ya kusambaza umeme), kilomita 20 kutoka kituoni. Tangu hapo kaunta ya tapu, iliyokuwa ikihesabu kama mara 12 kwa siku, inakaribia 50. Mchana tunasikia kapasita zinaingia na kutoka. Kiwanda cha jirani kinalalamika mashine zinajizima. Tumepima kifaa kimoja kimoja, vyote vizima. Wenzangu wanasema tuombe statkomu (kifaa cha elektroniki kinachotoa au kufyonza megavari). Wewe unasemaje?"

Marahaba, mdogo wangu. Nashukuru kwamba umeleta namba pamoja na swali, maana bila hizo namba ningebaki kukisia. Msiombe statkomu sasa. Vifaa vyenu ni vizima kweli, na kila kimoja kinafanya kile kilichoagizwa. Tatizo liko kwenye maagizo yenyewe: yaliandikwa na watu tofauti, miaka tofauti, na hakuna aliyekaa akayasoma yote kwa pamoja siku sola ilipoungwa.

Tuchukue mchana mmoja wa Jumapili. Tuseme mzigo wa kituo ni megawati 14 na megavari 5. Bila sola, pawa fakta ni 0.94 na relei ya kapasita, yaani kifaa kinachoamua iingie au itoke, imetulia. Sasa jua limewaka na sola inatoa megawati zake zote 5. Kinachopita kwenye transfoma kutoka 132 kinabaki megawati 9 tu, lakini megavari ni zilezile 5, kwa sababu inveta zenu (vifaa vinavyogeuza umeme wa sola uwe wa gridi), kama nyingi nilizoziona, bila shaka zimewekwa zitoe nguvu halisi peke yake. Pawa fakta inashuka hadi 0.87. Hakuna mteja aliyewasha mota ya ziada. Uwiano tu ndio umebadilika, na relei yenu inasoma uwiano. Inaingiza benki.

Megavari 10 zimeingia mahali palipohitaji 5. Zile 5 zilizozidi zinapanda kurudi 132, na pawa fakta inakuwa 0.87 tena, safari hii upande wa pili. Relei inatoa benki. Kapasita inasubiri dakika kama 10 imwage chaji yake, kisha inaingia tena. Mzigo ukikaa kwenye hali hiyo kwa saa moja tu ya jua kali, mmeshapata mizunguko mitano au sita.

Sasa sikiliza upande wa tapu. Badiliko la msongo kapasita inapoingia hukadiriwa kwa kugawa megavari zake kwa nguvu ya shoti ya basiba, yaani kipimo cha uimara wa gridi pale kwenye nondo zinazounganisha laini za kituo. Kituo cha mkoani kilicho mbali na mitambo kinaweza kuwa na MVA 250 hivi upande wa 33 (yenu itafute kwenye ripoti ya mpangilio wa relei). Kumi kwa 250 ni asilimia 4. Tapu moja kwa kawaida ni asilimia 1.25. Kwa hiyo kila benki ikiingia, tapu zinashuka hatua tatu; ikitoka, zinapanda hatua tatu. Mizunguko sita mara hatua sita ni 36. Jumlisha na zile 12 za siku zote, unapata 48. Ndiyo maana nilipoiona ile 50 yako sikuhitaji kusafiri.

Gharama yake ni halisi. Mara 50 kwa siku ni zaidi ya 18,000 kwa mwaka, ilhali zamani mlikuwa chini ya 4,500. Kwenye tapu chenja za mafuta kila hatua ni cheche ndani ya tangi, na muda wa kufungua na kubadilisha mafuta na kontakti huhesabiwa kwa idadi ya hatua. Matengenezo mliyotarajia baada ya miaka minane yatawafikia baada ya miwili. Nacho kiwanda kina haki ya kulalamika. Kapasita inapoingizwa, msongo huruka kwa sehemu ndogo sana ya sekunde kabla ya kutulia, na draivu za mota (vifaa vya elektroniki vinavyoongoza mwendo wake) ni nyepesi kuona mruko huo na kujizima. Waombe orodha ya saa mashine zilipozima, uiweke kando ya kumbukumbu za relei ya kapasita. Naamini saa zitafanana.

Kwa wasomaji wengine wasiofanya kazi hii: nguvu riaktivu ni nishati ambayo mota na transfoma huikopa ili kujenga sumaku, kisha huirudisha, mara 100 kila sekunde kwenye umeme wetu wa hezi 50. Haichemshi maji wala haisagi unga, lakini bila hiyo mota haizunguki. Ukikopa kwa jirani wa mlango wa pili, mkopo hauna shida. Ukiukopa kilomita 300 kutoka kwako, njia yenyewe inakula mkopo huo, kwa sababu laini ndefu za msongo mkubwa huzuia megavari zaidi sana kuliko megawati. Kwa hiyo megavari lazima zitengenezwe karibu na zinapotumika. Upungufu wake hushusha msongo, ziada yake huupandisha, na msongo wa mahali hauwezi kurekebishwa kutoka mbali. Ndiyo maana gridi moja ina vidhibiti vingi vilivyotawanyika, na ndiyo maana vinaweza kugombana.

Turudi kituoni kwako. Kanuni ninayoishikilia ni kwamba kila kipimo kiwe na mwenyewe mmoja. Msongo wa basiba ya 33 uwe wa tapu. Megavari zinazopita kutoka 132 ziwe za kapasita. Kapasita isiangalie tena pawa fakta. Iangalie megavari zenyewe. Iingie kituo kikivuta zaidi ya megavari 7 kutoka juu kwa dakika 5 mfululizo, na itoke kituo kikirudisha zaidi ya 5. Jaribu kwenye karatasi. Ikiingia ukiwa unavuta 7, utabaki unarudisha 3, mbali na mpaka wa kutoka. Ikitoka ukiwa unarudisha 5, utabaki unavuta 5, mbali na mpaka wa kuingia. Nafasi kati ya mipaka ni 12 na hatua ya kapasita ni 10. Nafasi lazima iizidi hatua, la sivyo kifaa kitakimbiza kivuli chake. Ule mchana wa Jumapili wenye megavari 5 hautaigusa benki hata kidogo. Dakika 5 nimezitaja makusudi, maana wingu hupita kwa dakika moja au mbili na kapasita haina sababu ya kulifuata. Msongo wenyewe ubaki kwenye relei ya kapasita kama kizuizi tu: ukiwa juu mno isiingie, ukiwa chini mno isitoke.

Na niseme wazi: benki za megavari 10 ni kubwa kwa kituo hicho. Ruko la asilimia 4 ni zito; wengi wetu tunajitahidi tusivuke 3. Siku mkipata fedha, gawanyeni benki moja iwe mbili za 5. Hilo litawafaa kuliko statkomu, tena kwa sehemu ndogo ya bei.

Kwenye tapu, angalia ukanda wa kutulia, yaani kiasi msongo unachoruhusiwa kuyumba kabla tapu haijasogea. Nimekuta vituo vilivyowekwa kutoa na kujumlisha asilimia 0.75, yaani ukanda mzima wa 1.5 kwa hatua ya 1.25. Hapo tapu ikisogea kidogo tu inajikuta inagusa upande wa pili. Ukanda mzima ufike kama hatua mbili, yaani 2.5. Kisha kuna zamu ya muda: kidhibiti cha juu kisogee kwanza, cha chini kifuate. Transfoma za 132/33 zisubiri, tuseme, sekunde 40. Zile za 33/11 zilizo chini yenu zisubiri 80 au zaidi. Mkiwapa sekunde sawa, msongo wa 132 ukishuka wote wawili watapanda kwa wakati mmoja, kisha wote wajikute wamepita kiasi na kushuka pamoja. Kwa kuwa transfoma zenu ziko sambamba, hakikisheni pia zinakwenda tapu sawa. Moja ikiwa hatua mbili juu ya mwenzake, megavari zinazunguka kati yao bure na kuchemsha zote mbili.

Sola nayo isikae kama mgeni. Kwenye fida ya 33 yenye urefu wa kilomita 20, ukinzani wa waya ni kama ohm 6 na riaktansi (kizuizi kinachotokana na sumaku ya waya) kama 7.5. Megawati 5 mara 6, gawanya kwa 33 iliyozidishwa kwa 33: msongo wa mwisho wa fida unapanda karibu asilimia 2.8 jua likiwa kali. Inveta zikiagizwa zifyonze megavari 1.5 msongo unapokuwa juu, zinapunguza asilimia 1 kati ya hizo 2.8, na zinafanya hivyo ndani ya sekunde chache bila kusogeza kontakti yoyote. Lakini ona: hizo 1.5 zitaongezeka kwenye hesabu ya kituo. Tano zinakuwa 6.5. Ndiyo sababu nimeweka mpaka wa kapasita kwenye 7, si kwenye 6. Ukimpa mmoja kazi mpya bila kumwambia mwenzake, unarudi palepale ulipoanzia.

Labda unajiuliza kama ugomvi huu mdogo wa kituo chako una uhusiano na mambo makubwa. Unao, tena wa damu. Tarehe 28 Aprili 2025, saa 6:33 mchana, Hispania na Ureno ziliingia gizani. Wataalamu wa ENTSO-E, umoja wa waendeshaji wa gridi za Ulaya, walichunguza na kukuta msongo uliopanda kwa mfululizo hadi mitambo ikajitoa. Asubuhi ile kulikuwa na mitikisiko ya gridi, na waendeshaji walifanya mambo yanayofaa kuituliza: waliunga laini zaidi, wakapunguza umeme unaouzwa nje. Kila hatua ilikuwa sahihi kwa mitikisiko. Lakini laini iliyobeba mzigo mdogo huzalisha megavari yenyewe, kama kapasita ndefu, na msongo ukaanza kupanda. Nayo mitambo mingi ya sola na upepo, kwa kanuni za wakati ule, ilifuata pawa fakta isiyobadilika badala ya kufuata msongo. Ikipunguza megawati, megavari inazofyonza zinapungua pia, hasa wakati zinapohitajika kuliko wakati wowote. Kila mtambo uliojitoa uliondoka na ufyonzaji wake, ukauachia msongo upande zaidi, ukamwondoa na mwenzake. Mwezi Juni mwaka huohuo Hispania ilipitisha kanuni mpya ili mitambo hiyo ianze kushiriki kudhibiti msongo. Ni pawa fakta ileile iliyoichanganya relei yako, ila kwa kipimo cha nchi mbili.

Huku kwetu laini ndefu zenye mzigo mdogo tunazo. Ile ya kilovoti 400 kutoka Loiyangalani hadi Suswa nchini Kenya, inayobeba upepo wa Turkana, inazidi kilomita 400. Laini ya aina hiyo huzalisha takriban megavari 0.6 kwa kila kilomita ya saketi, kwa hiyo upepo ukilala na laini ikabaki na umeme, kuna zaidi ya megavari 200 kwa saketi zinazotafuta pa kwenda. Riakta, yaani koili kubwa zinazofyonza megavari, lazima zizifyonze. Kenya ilipopata giza kubwa tarehe 25 Agosti 2023, waendeshaji wa shamba lile la upepo walieleza kwamba mitambo yao ilijizima kwa sababu ya msongo uliopanda kwenye gridi. Tanzania nayo ina laini iliyojengwa kwa kilovoti 400, ya kilomita 670, kutoka Iringa hadi Shinyanga. Waliowahi kukaa zamu ya usiku wanajua kwamba kwenye laini kama hizi saa 9 alfajiri ina kazi kuliko saa 2 usiku.

Upande wa pili wa shilingi ni Tokyo, tarehe 23 Julai 1987. Joto lilikuwa kali, na baada ya chakula cha mchana mzigo ulipanda kwa megawati 400 kila dakika, viyoyozi vikichangia. Kapasita zote ziliingizwa. Msongo ukaendelea kushuka, laini za kilovoti 500 zikafika chini ya 400, na mara megawati zaidi ya 8,000 zikaondoka na wateja milioni 2.8 wakabaki bila umeme. Kapasita ina udhaifu huu: megavari zake hufuata msongo mara msongo. Msongo ukishuka hadi asilimia 90, kapasita inatoa asilimia 81 tu. Inakukimbia saa ya shida. Tapu nazo, msongo wa juu ukiporomoka, huendelea kupandisha msongo wa wateja, mzigo unarudi kamili, na gridi iliyochoka inavutwa chini zaidi. Kwa hiyo naomba uhakikishe jambo moja ambalo hukuliuliza: tapu chenja zenu ziwe na kizuizi, zisipande tena msongo wa 132 ukishuka chini ya kiwango alichokubali mwendeshaji wa mfumo. Wateja watapata umeme mdogo kwa dakika chache. Ni bora kuliko giza.

Kutokana na hayo hupatikana mpangilio wa gridi nzima. Kapasita na riakta, ambazo ni nzito na za polepole, zibebe mahitaji ya kila siku yanayotabirika. Jenereta na inveta, zinazojibu papo hapo, ziachwe na nafasi juu na chini kwa ajili ya dharura. Jenereta iliyoachwa itoe megavari zake zote kila siku kwa sababu kapasita ya jirani haikuwashwa ni kama zimamoto aliyetumwa kuchota maji ya kufulia.

Ufaransa waliliona hili mapema. Tangu mwishoni mwa miaka ya 1970 waliigawa gridi yao katika kanda, kila kanda ikawa na kituo kimoja kinachowakilisha msongo wa vingine. Kidhibiti cha jenereta, AVR, kinashika msongo wa mashine yake kwa sekunde. Juu yake mfumo wa kanda unasoma kile kituo kimoja na, kwa dakika kadhaa, unazigawia jenereta zote megavari kulingana na uwezo wa kila moja. Juu zaidi kituo cha taifa kinapanga kila kanda ishike msongo gani. Ngazi tatu, kasi tatu, na kila ngazi inamaliza kazi yake kabla ya ile ya juu kusogea.

Nimewahi kuona kinachotokea pasipo ngazi ya kati. Miaka mingi iliyopita nilikuwa zamu ya usiku kwenye mtambo mmoja wa umeme wa maji. Nikifunua daftari la zamu naona mashine yetu inatoa megavari 28. Nikampigia simu mwenzangu wa mtambo wa pili kwenye laini ileile ya 220, akaniambia yake inafyonza 24. Wote tulikuwa tumeagizwa tushike msongo, sisi 225, wao 221. Usiku kucha tulikuwa tunavutana kamba, mashine zikichemka, na karibu kila megavari niliyotengeneza akiimeza yeye. Tulikubaliana namba moja kwa simu, tukazungusha taratibu, mimi nikishusha na yeye akipandisha. Baada ya dakika chache mimi nilikuwa na 4, yeye 1. Asubuhi tuligundua mita yake ilikuwa inasoma kilovoti 2 zaidi ya ukweli. Ndiyo maana nakusihi upime usahihi wa vipimio vya msongo kabla ya kugusa mpangilio wowote.

Statkomu ni kifaa kizuri: hutoa au kufyonza megavari ndani ya sehemu ndogo ya sekunde, na msongo ukishuka haidhoofiki kama kapasita. Mahali pake ni penye tanuru za chuma, au mwisho wa laini ndefu dhaifu, au penye upepo mwingi usio na jenereta kubwa karibu. Ukiiweka leo kituoni kwako, itatumia siku zake ikifuta makosa ya kapasita yenu, ikiishiwa nafasi mchana, na siku gridi itakapoihitaji itakuwa imejaa.

Kwa hiyo fanya hivi. Kabla ya yote piga picha mpangilio wa sasa wa kila relei, ukurasa kwa ukurasa. Vuta kumbukumbu za wiki mbili: megawati, megavari na msongo wa pande zote mbili kila dakika, nafasi ya tapu, na saa kapasita ilipoingia na kutoka. Chora vyote kwenye karatasi moja, mstari juu ya mstari. Ukichora hivyo, bosi yeyote ataona ugomvi bila maelezo. Peleka pendekezo kwa idara ya relei na kwa mwendeshaji wa mfumo, kwa sababu mipaka ya megavari inawahusu wao kabla yako, na ile namba ya 7 waihakiki kwa vipimo vyenu wenyewe. Badilini kapasita kwanza, peke yake. Subirini wiki moja. Ndipo mguse tapu, kisha sola, maana mkibadilisha vyote siku moja hamtajua kipi kilichoponya. Na leo kabla hujatoka zamu, pita kwenye transfoma zote mbili, andika kaunta zinasoma ngapi.